Mama Kadi wa Chumba Namba Nne

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, kifungua mimba wa wazazi wake. Akiwa na miaka kumi na miwili alifiwa na mama, aliyefariki akijifungua mtoto wa nane baada ya mkunga kuonya kwamba mwili wake umechoka. Mtoto huyo ndiye anayewasomea wasifu huu. Dada alimbeba mgongoni miaka mitatu bila kwenda shule, kisha akarudi darasani akiwa mkubwa kuliko wote, wala hakuona haya.

Alihitimu uuguzi Novemba 1981, akapangiwa zahanati ya serikali, chumba namba nne, huduma ya uzazi wa mpango. Hapo alikaa hadi alipostaafu mwaka 2017. Wanawake walioogopa kurudi nyumbani na kadi zao aliwatunzia kwenye droo yake, ndipo wakamwita Mama Kadi. Siri ya mtu haikuwahi kumtoka mdomoni.

Mwaka 1984 aliolewa na fundi cherehani, mtu mpole. Walijaliwa watoto wawili, na shemeji hupenda kutania kwamba hata hilo liliamuliwa kwa kikao, yeye akiwa mjumbe tu.

Mwaka 2011 uliletwa bungeni muswada wa kumnyima vidonge na sindano mwanamke asiye na idhini ya mumewe kwa maandishi. Dada aliomba ruhusa kazini, akapanda basi, akasimama mbele ya kamati ya wabunge kumi na tatu. Alipewa dakika tano. Alianza kwa kumuuliza kila mmoja ana watoto wangapi. Wawili, watatu, wawili. Akasema taratibu, "Hongereni, waheshimiwa. Mama yangu naye alitaka kuishia hapo, ila hakuwa na pa kwenda."

Muswada ulianguka kwa kura moja. Mwaka 2016 ulirudi, naye akarudi na gauni lilelile la bluu aliloshonewa na mumewe. Ukaanguka tena.

Novemba mwaka jana aligundulika na saratani ya ini. Muswada ulipoletwa mara ya tatu, daktari alimkatalia safari, hivyo ushahidi wake aliutamka kitandani, bintiye akiandika na kukaripiwa kwa mwandiko mbaya. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi. Ukoo ulitaka azikwe Jumanne ili wa mbali wafike, lakini mwenyewe alikwisha kukataa.

"Jumanne wanapiga kura," alisema. "Nizikeni Jumatatu, halafu mwende bungeni mkakae kule juu kwenye viti vya wageni, wawaone."

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake saba, na droo iliyojaa kadi, ambayo sasa inatunzwa na muuguzi aliyempokea kazi. Inatuuma sana kumwacha hapa. Basi litaondoka mbele ya zahanati kesho saa kumi na moja alfajiri, na gauni la bluu atalivaa binti yake.

Dada yetu apumzike kwa amani. Kesho zamu ni yetu.