Reli ya Bi Mapozi

—Mzee Nati, wewe uliyekaza reli hii miaka thelathini na moja, hebu tuambie: huyu Bi Mapozi ni nani hata apewe reli nzima?

Kinyozi ndiye aliyeuliza, simu mkononi, mteja kamwacha kitini nusu ya kidevu ikiwa na povu. Swali lilimkuta Mzee Nati kikombe kikiwa mdomoni, na kahawa ikashuka njia isiyo yake. Benchi lao lilikuwa taruma kuukuu la mbao, lililong'olewa relini na kulazwa juu ya matofali, hatua ishirini kutoka kivuko cha reli. Hapo ndipo dunia ilipoendeshwa kila asubuhi, bila mshahara wala likizo. Na leo dunia ilikuwa na jambo moja tu: kwenye ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, reli yao imepata jina.

Nyuma ya Kinyozi alisimama binti mwenye miwani na daftari, mhakiki wa ramani hiyo.

—Shikamooni. Jina hili kaliandika mtu mmoja tu, miezi miwili iliyopita. Kanuni yetu ni kwamba tunaandika jina linalotumiwa na wenyeji. Kama halitumiki, nalifuta leo.

Mzee Nati aliijua kanuni hiyo. Aliisoma kwenye mafunzo ya siku mbili ya wachora ramani, akaisifu mbele ya watu. Ofisini reli ile iliitwa Njia Namba Nne. Mtaani iliitwa reli, basi. Lakini alipomaliza kuichora, kila njia ya pembeni mahali pake, akakuta nafasi ya jina iko wazi, na kidole kikamponza. Aliandika jina ambalo yeye peke yake alimwita mkewe tangu uchumba. Jioni alimwonyesha simu. Mke alilia, akacheka, kisha akawapigia dada zake watatu: "Ninyi mmejengewa nyumba. Nani kati yenu kapewa reli?"

Na sasa lifutwe? Arudi nyumbani aseme nini?

—Lifutwe? aliruka Wakili, muuza viatu vya mitumba, aliyepewa jina hilo kwa kutokubali kushindwa hata na saa ya ukutani. Binti, hilo jina ni la tangu enzi za babu zetu!

Alikuwa amelisikia kwa mara ya kwanza dakika mbili zilizopita.

—Kweli? Binti alifungua daftari.

—Kabisa! Bi Mapozi alikuwa tajiri wa ng'ombe. Unaiona ile kona pale? Reli ilikuwa inyooke. Bibi akasema, mkipita zizini kwangu nalala chini. Reli ikapinda.

Mzee Nati alijua reli ilipinda kwa sababu ya kinamasi. Akapuliza kahawa yake. Kumbe wajinga hawa wangemwokoa!

—Ng'ombe gani wewe? Kinyozi alikuja juu. Bi Mapozi alikuwa mwimbaji. Dereva wa treni akifika hapa anapunguza mwendo ili amsikie. Ndiyo maana mpaka leo treni hupita polepole.

—Treni hupita polepole kwa sababu ni mbovu, alisema muuza kahawa, akiwajazia vikombe. Lakini jina nalijua. Mama yangu alilitaja.

—Hata wewe, dada? Mzee Nati alishindwa kujizuia.

—Kwani mimi sina mama?

Binti aliandika. Mashahidi watatu! Mzee Nati aliagizia benchi zima kahawa, na mteja wa nusu kidevu naye akapata.

—Alikuwa na taji, aliendelea Wakili.

—La dhahabu! alidakia Kinyozi.

—Na behewa lake mwenyewe, lenye bafu!

—Na kasuku anayetangaza vituo!

Mzee Nati alicheka hadi machozi. Yeye mwenyewe aliongeza kwamba kasuku alijua lugha nne, na binti akaandika nne.

—Basi nalithibitisha, alisema binti. Na kwenye maelezo nitaweka historia yake. Nani alimpa reli?

—Stesheni masta, alisema Wakili, akishusha sauti kama mtu wa siri. Alikuwa hawara yake.

Kicheko cha Mzee Nati kilikatika.

—Mmoja? Kinyozi alipiga paja. Watatu! Kila kituo na wake.

—Mpaka wake zao wakaandamana relini na miiko, alisema muuza kahawa. Mama alisimulia.

—Mahawara... watatu, binti alinong'ona akiandika. Hii itasomwa na kila mtu atakayebonyeza jina.

Kila mtu. Mzee Nati aliwaona shemeji zake watatu, vidole vitatu vikibonyeza kwa pamoja. Akinyamaza, jina linabaki, na mkewe anakuwa mwanamke wa stesheni masta watatu. Akisema, jina linakwenda, pamoja na heshima yake ya mchora ramani.

—Swali la mwisho, alisema binti. Kati yenu, nani aliwahi kumwona kwa macho?

Wakili alitazama viatu vyake. Kinyozi ghafla akamkumbuka mteja. Muuza kahawa alisugua birika lililokwisha kung'aa.

Mzee Nati alisimama, akavua kofia.

—Mimi, alisema. Nimelala naye jana, nimeamka naye leo, mwaka wa arobaini huu. Hana ng'ombe, hana kasuku, na stesheni masta hata mmoja hamjui. Ni mke wangu. Jina hilo niliandika mimi, kwa kidole hiki.