Nusu ya Jiwe la Moinafouraha

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Moinafouraha wa Mutsamudu, msagaji wa liwa, aliyetutoka Jumatatu. Aliwasagia maharusi liwa ya manjano ya kupaka usoni. Na amekufa hajui alikuwa akisagia juu ya nini. Shikeni hilo, maana ndilo lililomnyima kazi.

Mumewe, Youssoufa, alikuwa mchukuzi bandarini. Wanawake wengine husagia juu ya jiwe la matumbawe. Yeye alimletea mkewe jiwe jingine, la mlimani nyuma ya mji: gumu, jeupe, lina vitundu. Likilowa, vitundu vile vinajipanga utadhani vimetobolewa na fundi. Liwa ikatoka laini hata watu wakasema uso uliopakwa na Moinafouraha nzi anateleza.

Sasa siku moja mwalimu Elarif akaja kwenye harusi. Akaliona jiwe limelowa. Akapiga magoti palepale uani.

"Mama, hiki huenda ni kisukuku, kitu cha kale kilichogeuka jiwe. Labda ni sifongo, mnyama wa baharini. Au ni njia tu: mnyoo alipita mchangani, njia yake ikabaki."

"Mnyama?" akadakia jirani yao, Rahmati. "Kumbe tunapakwa mzoga usoni!"

Wanawake wakaangua kicheko. Moinafouraha naye akacheka. Lakini bibi harusi aliyefuata hakuja. Na wa baada yake hakuja.

Basi shauri likawa hilo, wasikilizaji. Sifongo ni mwili. Njia si mwili. Jiwe likiwa njia tu, hakuna mzoga, na maharusi watarudi.

"Lazima likatwe," Elarif akasema. "Vitundu vikiingia mpaka kwenye shimo la katikati, ni sifongo. Vikipinda ovyo na kupotea, ni mapito. Nina rafiki Mvouni, juu ya Moroni, ana msumeno wa mawe na hadubini."

Wakafunga safari, mume na mke, na Elarif pamoja nao.

"Lioshe kwanza, Mama Kamaria," Youssoufa akamwambia mkewe.

"Silioshi. Mtoto wa dada yangu ndiye pekee aliyekubali nimpake, na bado yumo fungateni."

Kwao jiwe lililosaga liwa ya bibi harusi halioshwi mpaka fungate iishe. Basi likapanda meli na liwa yake, manjano imejaa vitunduni.

Zilikuwa zama za mamluki, wale askari wazungu wa kukodiwa waliokuwa na amri juu ya kila mtu. Walioishi Moroni wakati ule hawahitaji kuelezwa. Pale bandarini Moroni askari akafungua kanga iliyofungiwa jiwe, akaona unga wa manjano.

"Baruti hii!"

"Liwa, mwanangu. Nusa."

Askari akanusa. Alikuwa mtoto wa hapahapa, mama yake anapaka hiyohiyo. Akaijua, Youssoufa anaapa, akaijua. Kisha akamtazama mzungu mwenye bunduki nyuma yake.

"Sijui ni nini, mkubwa."

Mzungu akaagiza nyundo. Jiwe likapasuka vipande viwili. Kikubwa, chenye lile shimo la katikati, wakakizuia. Kidogo wakamtupia mama miguuni.

Kule Mvouni wakakitia kwenye hadubini. Elarif akatazama, akatazama tena. Vitundu vinaingia, vinaingia, kisha vinakatika pale lilipopasuka.

"Jibu limebaki kule, mama."

Youssoufa akarudi kuliomba. Mlango wa ofisi ya bandari ulikuwa wazi, umezuiwa na jiwe usijifunge. Jiwe lao.

"Nimefuata jiwe la mke wangu, bwana."

"Jiwe gani?" akauliza aliyekaa mezani, na upepo unaingia kwa sababu ya jiwe hilohilo.

Youssoufa akaondoka. Angefanya nini? Wakubwa wetu walikuwa wakila meza moja na watu wale. Mamluki wameondoka, wakubwa wamebadilisha viti tu. Hakuna aliyekuja Mutsamudu kusema, mama, tuwie radhi.

Moinafouraha hakuitwa tena harusini. "Ngoma ikilia mtaani," anasema Youssoufa, "alikuwa anasaga kwenye kile kipande, anajipaka, anakaa mlangoni. Nikimwambia ingia ndani, ananijibu: labda leo wataniita. Miaka yote hiyo. Na Rahmati alipita akitazama ukuta. Juzi mazikoni amelia kuliko sisi."

Tunawapa pole Youssoufa na binti yake Kamaria, na ukoo mzima. Mola amrehemu Moinafouraha, amnyooshee njia yake. Sisi tuliobaki tujiulize ni mangapi tuliyajua vizuri, kisha tukasema hatujui kwa sababu kuna mtu amesimama nyuma yetu.

Na wewe uliyeinusa liwa siku ile: kama u hai, unalijua lile jiwe na unaujua ule mlango. Uliza lilikoishia. Youssoufa hatakuuliza jina lako. Nusu yake ameiweka dirishani, ina manjano ya mwisho aliyosaga mkewe. Hajaiosha.