Mama Yetu na Kanga Wake wa Ulinzi

Mama yetu, ambaye majirani walimwita Mama Kanga, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa mwalimu na mkunga. Alimaliza darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji. Mwalimu wake alimtania kwamba anashona mishono midogo kama mtu anayeogopa nguo itamkimbia.

Tangu mwaka 1971 alishona sare za wanafunzi katika chumba chenye dirisha linalotazama barabara. Hapo seremala mmoja alileta suruali itiwe kiraka, akairudisha mara tatu ingawa haikuchanika tena. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974.

Mtoto wao wa kwanza, kaka yetu ambaye sisi tuliomfuata hatukumwona, aliumwa na nyoka kwenye banda la kuni tarehe 2 Machi 1979, akafariki njiani kupelekwa hospitali. Hakuna aliyekuwa amesikia chochote. Tangu siku hiyo Mama aliogopa ukimya. Akanunua kanga, ndege wapigao kelele wakiona nyoka, na boma letu halikunyamaza tena.

Hakuwaamini kanga kulea. Kanga jike huwaburuta wanawe kwenye umande, na kifaranga cha kanga kikilowa hufa. Kwa hiyo Mama alichota mayai kwa kijiko cha mbao, asiache harufu ya mkono kwenye kiota, akayaweka chini ya kuku anayeatamia. Alitia kokoto kwenye sahani ya maji vifaranga visizame, na hakuvifungulia asubuhi mpaka apapase nyasi na kuridhika zimekauka. Sisi pia tulingoja nyasi zipapaswe. Tukimcheka, alisema, “Chekeni tu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.”

Baba alilalamika, “Mama watoto, ndege wako hawatupi usingizi.”

“Afadhali ukose usingizi, mimi nisikose mtoto mwingine.”

Mwaka juzi moyo wa Mama ulianza kudhoofika, na presha ya macho ikamnyima Baba kuona. Hofu yote ya Mama ikahamia kwa Baba. Hakuwauliza madaktari atapona lini. Aliuliza nani yuko nyumbani. Akiwa kitandani alimfundisha Baba kusikiliza milio ya kanga.

“Hao je?”

“Mgeni huyo.”

“Umekosea. Mgeni akija wanalia huku wakitawanyika. Hao wamesimama mahali pamoja. Ni nyoka. Unafanyaje?”

“Nasimama nilipo, naita watu.”

“Afadhali kidogo. Sikiliza tena.”

Mama alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 21 Mei 2024. Swali lake la mwisho lilikuwa kama umande umekauka. Baba alitoka, akapapasa nyasi, akarudi na jibu, lakini Mama hakulisikia.

Baadhi ya jamaa walishauri kanga wauzwe, wasiwasumbue waombolezaji. Jana, wajukuu wakicheza nyuma ya nyumba karibu na banda la kuni, kanga walilia mahali pamoja. Baba alisimama pale alipokuwa, akaita, “Watoeni watoto kwenye kuni!” Nyoka alikuwa pale, kati ya magogo mawili. Watoto wote wako salama. Hakuna anayezungumzia kuuza tena, wala hakuna aliyelala vizuri.

Mama ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, dada mmoja, na vifaranga ambavyo bado tunaogopa kuvifungulia.

Apumzike kwa amani, asisikilize tena. Zamu ni yetu.