Oya ya Mwalimu Theodosia

Marehemu Mwalimu Theodosia Nduwayezu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Titye, Kasulu, mtoto wa tatu wa Mzee Pasikali na Mama Rosa. Alisoma hapo hapo Titye, akasomea ualimu, na tangu mwaka 1979 hadi alipostaafu 2018 alifundisha Kiswahili Kibondo na Kasulu. Chaki haikumtosha. Mwaka 2009 alichapisha riwaya ya mapenzi ya enzi za machifu wa Buha.

Riwaya hiyo ilimnyima usingizi. Ndani yake mtoto wa chifu anamshika mkono binti kisimani, na binti anamwambia, "Oya." Sisi Waha tunajua hiyo ni hapana, na bado kijana anambeba hadi kwao kumwoa. Lakini vijana waliozoea "oya" ya kuitana barabarani walielewa kwamba binti anamwita kijana, wakampongeza mwandishi kwa kutunga binti mchangamfu. Mwalimu mwenzake kutoka Dar es Salaam, Ridhiwani, alishikilia kwamba kijana hakufanya kosa kumbeba, maana aliitwa. Akina mama wa Titye, walioelewa vizuri, ndio waliokasirika: binti kakataa, kabebwa, halafu mwisho wa kitabu anacheka?

Maneno yao yalimwingia. Katika chapa ya pili, kijana akisikia "Oya" anaachia mkono na kurudi kwao, na mavuno yakiisha binti mwenyewe anamtumia salamu. Akina mama walikigombea kitabu, na Ridhiwani, tunamshukuru, alikisoma darasani.

Hakutunga mbali. Mwaka 1981 Bazilio, seremala wa Kibondo, alimposa akajibiwa hiyo hiyo "Oya." Rafiki zake walimshauri amvizie njiani. Yeye akawajibu, "Nimesikia nilichoambiwa." Mwaka uliofuata salamu zilitoka Titye, na tarehe 20 Novemba 1982 wakafunga ndoa kanisani. Alipoulizwa kwa nini hakuandika hivyo tangu mwanzo, Mwalimu alicheka akisema alidhani hakuna atakayenunua kitabu cha mwanamume anayerudi nyumbani.

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na moyo. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025, Mwalimu akiwa amedhoofu sana, Mzee Bazilio alimuuliza, "Mama Benita, nikushike mkono?" Akajibu, "Ego." Kwetu hiyo ni ndiyo, na hakusema tena.

Ameacha mume, watoto watatu, Benita, Hatungimana na Josué, pamoja na wajukuu. Tunaamini Mungu naye alimwita kwa upole, na Mwalimu akaitika mwenyewe. Alale kwa amani.