Mngoni Aliyekula Ugali wa Mgonjwa

Tarehe 30 Juni 1985 Sista Leonia Mbawala, Mama Nicholaus kwetu sote, anavua sare baada ya miaka ishirini na minane ya uuguzi katika hospitali yetu hapa Newala. Kamati imenipa mimi, Mrisho wa chumba cha dawa, kazi ya kumwandika, ingawa inajua fika kwamba mimi ni Myao na yeye ni Mngoni. Ukimpa mtani kalamu, usitegemee sifa tupu.

Alipanda huku juu mwaka 1957 akitokea Songea, na jambo la kwanza aliloulizia ni bomba. Lo! Akaonyeshwa wanawake wanaopandisha maji vichwani kutoka bondeni. Shuka za wodi ya wazazi hazingoji mvua, basi akapitisha sheria yake: anayekuja kumwona mgonjwa aje na ndoo ya maji, asiye na ndoo amsalimie kupitia dirishani. Wanaume walinung'unika, wake zao waliozibeba ndoo wakanung'unika zaidi, lakini shuka zilitakata.

Wiki ya Uhuru karibu kila mzazi wodini alitaka mwanawe aitwe Uhuru. Sista akawasihi wengine wafikirie tena, maana siku ya chanjo akiita Uhuru ataitikiwa na wodi nzima. Wakati wa Ujamaa alikwenda kuchanja watoto katika vijiji vipya vya Mnyambe kwa baiskeli isiyo na breki, na kila alipotaka kusimama aliingia kwenye mikorosho. Makovu anayo, mwombeni awaonyeshe.

Sasa hili la mwaka 1968, ambalo yeye angependa nilipite. Mwaka huo mwanawe wa pekee, Nicholaus, alifariki kwao Songea kwa surua. Sista alipewa ruhusa ya siku saba, na safari yenyewe ilikula karibu zote. Vita vya Msumbiji vilikuwa vimepamba moto, majeruhi na wakimbizi wanavuka Ruvuma, na wauguzi hatuna. Akarudi, akavaa sare, akasema tuendelee kumwita Mama Nicholaus.

Miongoni mwa wakimbizi alikuwamo Fatu, Myao wa ng'ambo, aliyefiwa na mtoto njiani. Fatu aligeukia ukutani, akagoma kula. Dawa zangu hazikufua dafu, na tulijua tutamzika. Sista aliposikia ni Myao, akaketi kitandani pake, akavuta sahani, akaanza kumlia ugali wake huku akimwambia kwamba Wayao wamezoea kuwakimbia Wangoni hadi wamesahau kula. Sisi tulielewa: mtani ana ruhusa hata msibani, na mfiwa hana haki ya kununa. Lakini msimamizi wa wauguzi, mgeni wa mikoa ya mbali, hakuelewa. Alimwonya kwamba Fatu akifa, yeye atafukuzwa kazi kwa kula chakula cha mgonjwa. Kesho yake Sista akala tena.

Siku ya nne Fatu alimpokonya sahani. Akamwambia Wangoni wana matumbo kama maghala, ndiyo maana enzi zile waliiba vyakula vya watu. Kisha akala. Weee, vigelegele vilivyopigwa! Sista akacheka na wenzake, halafu akaenda nyuma ya chumba cha kufulia, akalia. Fatu aliposimuliwa habari za Nicholaus, alijikongoja hadi kule na ugali uliobaki, akamwamuru ale, maana Mngoni akifa njaa yeye atamtukana nani? Wakala pamoja huku machozi yanawatoka. Hawakumaliza, Sista aliitwa wodini, majeruhi wengine walikuwa wamefika.

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Fatu sasa ana shamba la korosho Lukuledi na watoto wanne, na Sista hakuwahi kupata nafasi ya kuomboleza.

Mama Nicholaus, hospitali inakushukuru, na Wayao tunakushukuru ingawa roho inatuuma kukiri. Tunakutakia maisha mema, na usingizi usiokatizwa na zamu. Ukifika Songea, usianze na shamba wala nyumba. Nenda kaburini kwa mwanao, ukae. Safari hii hakuna atakayekuita wodini.