Chai ya Meshaki

Mle garini, wakitoka Rumonge, mama wawili wasiojuana walikuwa wakibishana juu ya Meshaki wa Kizuka.

"Alitubu, akaacha pombe," alisema wa kwanza. "Lakini kila jioni iko anakaa na walevi kwenye mtungi wa pombe ya ndizi, anakunywa chai! Toba gani hiyo?"

"Na nani anawarudisha nyumbani?" wa pili akajibu. "Bwana yangu alikuwa analala mu mutaro. Sasa anafika mpaka mulangoni."

"Hata! Mulokole mahali pake ni kanisani."

Kezia, mke wa Meshaki, alikuwa amekaa dirishani akisikia yote; wale mama hawakumjua. Gari liliposimama Kizuka, alishuka na sukari yake kilo tano. Pale mtungini, wanywaji wa chai sasa walikuwa wamefika saba, sio Meshaki peke yake.