Mama Vigelegele na Chumba Chenye Kufuli

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefariki wiki hii, na nawaambia ukweli, huyu mtu amenishughulisha akili. Tulimwita Mama Vigelegele. Kazi yake ilikuwa kukodisha shangwe. Mmesikia sawasawa: kukodisha shangwe.

Mgombea akiitisha mkutano, anamtafuta yeye. Anakuja na kina mama zake, wamevaa fulana za mgombea, wanakaa mbele. Mgombea akisema la maana, au hata lisilo na maana, Mama Vigelegele anapunga kitambaa cheupe. Hapo uwanja unalipuka. Asubuhi chama hiki, jioni chama kile, vigelegele ni vilevile. Mdogo wake, ambaye ni kinyozi, aliniambia huku akicheka, "Dada hakuwa na chama. Alikuwa na ratiba."

Sasa mimi nikajiuliza: mtu wa namna hiyo, ilikuwaje akaja kugombea udiwani mwenyewe, tena bila kumpa mtu hata soda?

Binti yake ndiye aliyenieleza. Zahanati ya mtaani kwao ina chumba cha kujifungulia. Kilijengwa, kikapakwa rangi, kikatiwa kufuli. Mkunga hakuletwa. Binti huyu alijifungulia kwenye benchi la nje, mama yake amemkinga kwa shuka. Mtoto hakupona. Inauma, wapendwa.

Mama Vigelegele akaenda kwa diwani, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ndiye huyo ambaye mama alimpigia vigelegele kampeni nzima. Akamuuliza, chumba kitafunguliwa lini? Diwani hakuwa mkali. Alishangaa tu. "Mama, mbona tulishamalizana? Si nilikulipa?"

Alirudi nyumbani. Uchaguzi uliofuata, akachukua fomu.

Mkutano wake wa kwanza ulijaa. Alieleza habari za chumba kile kwa uchungu. Kimya. Akaeleza tena. Kimya. Kumbe kina mama wanasubiri kitambaa, maana ndivyo alivyowazoesha mwenyewe. Jua lilikuwa kali. Jasho likamzidi, akatoa kitambaa ajifute uso, na papo hapo akasema, "Hata mkunga hatuna." Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. "Tulishangilia kukosa mkunga," aliniambia jirani yake, muuza mboga. "Nilipogutuka, nilitamani ardhi inimeze. Yeye alitutazama tu, akaendelea kuongea."

Alishindwa vibaya. Diwani aligawa fulana, akagawa sukari, akarudi kitini. Simu za wagombea wengine ziliendelea kumtafuta mama, lakini kazi ile hakuirudia. Akawa anauza mkaa, na kila mara diwani alipofungua ofisi kuonana na wananchi, alimkuta mlangoni na swali lilelile. Chumba kitafunguliwa lini? Wengine walimwona king'ang'anizi. Mimi nilimpenda kwa hilo.

Jana tulimzika. Diwani alikuja na bahasha ya rambirambi, imenona, akainyoosha mbele ya waombolezaji wote. Binti hakunyoosha mkono.

"Mheshimiwa, asante kwa kuja," alisema. "Bahasha utarudi nayo. Chumba kitafunguliwa lini?"

Nilikuwepo. Diwani alitazama viatu vyake, kisha akasema, "Sijui." Muuza mboga, aliyekuwa ameketi chini, akasimama, akamwambia taratibu, "Basi tunasubiri ujue." Kina mama wengine nao wakasimama. Hawakumpigia kelele. Walisimama tu, wakamtazama, mpaka akasema kesho yake atakwenda nao kwa wakubwa wa afya.

Baadaye nilimdodosa binti. Gharama za msiba zinajulikana, kwa nini umerudisha bahasha? Akanijibu, "Ningepokea, ningeulizaje?"

Kwa binti, kwa mdogo wake kinyozi, kwa majirani wote, poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu pema. Mpaka naingia studio, chumba kile bado kimefungwa, na kina mama wako njiani na diwani wao.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, hebu tutulie kidogo. Kumbuka kitu cha mwisho ulichopokea kwa mgombea. Kofia, nauli, kilo ya sukari. Sasa jaribu kukumbuka swali la mwisho ulilomuuliza.